Klachi Iliyopimwa kwa Mguu wa Nusu

Kwenye yadi ile ya malori kulikuwa na dereva aliyeitwa Nusu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akiwa ndani ya semi yake kuukuu, watu wa nje waliona kofia na vidole juu ya usukani, basi. Gari likipita, ungedhani kofia imepata leseni.

Lakini ufupi haukuwa tatizo lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa barabarani, na gia kumi na mbili za gari lake alizijua kama meno ya kinywani mwake, yaliyopo na yaliyong'oka. Tatizo lake lilikuwa shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, tumbo moja. Nusu mwenyewe ndiye aliyemleta yadi aoshe malori. Nusu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, Jumapili mchana, yadi ikiwa tupu, akimfokea kutoka kiti cha pembeni: "Klachi haisikilizwi kwa mguu, shemeji! Isikilize kwa makalio! Gari likianza kukutekenya, hapo ndipo uachie breki!" Msichana alipopata leseni, Nusu alinunua kreti nzima ya soda akawanywesha hata watu asiowapenda.

Kisha bosi akaleta semi mpya, nyeupe, otomatiki, na kabla ya kuikabidhi akataka madereva waende mafunzo ya wiki mbili. Nusu aligoma. "Mimi? Miaka yote hii, nikafundishwe kutobadili gia?" Shemeji akaenda. Aliporudi, akapewa ufunguo.

Tangu siku hiyo Nusu hakupata raha. Kila asubuhi Shemeji alimwamkia kutoka dirisha la juu: "Shikamoo, shemeji!" na ile shikamoo ikamdondokea kichwani kama mavi ya kunguru. "Marahaba," angejibu, huku akitafuta kosa. Kosa alilolipata ni mto. Shemeji aliweka mto mnene wa maua nyuma ya mgongo, na Nusu alihakikisha yadi nzima inajua.

"Jamani, hilo ni gari au kitanda? Lakini otomatiki ndiyo zake. Unakanyaga mafuta, unalala, ukiamka umefika!"

Yeye mwenyewe aliendesha akiwa amekalia ncha ya kiti, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi, kwa sababu akiegemea, mguu hauifikii klachi. Jioni mgongo ulimuuma hadi akavua viatu kwa kuvipiga mateke. Hilo hakulitangaza.

Nyumbani nako hakukuwa na kimbilio.

"Mdogo wangu kanipigia," mkewe angeanza, akimimina chai. "Anasema gari lake lina kiyoyozi, hata jasho amelisahau."

"Mwambie asije akaganda."

"Una wivu, baba watoto."

"Wivu! Nimwonee wivu mtu anayeendesha sofa?" Na angeisukuma chai ile kando, halafu mkewe akigeuka, anaivuta tena.

Basi, asubuhi moja semi nyeupe ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi na kukataa kuingia gia yoyote. Fundi wa yadi, mtu mrefu mwenye maneno machache na yote makali, alikaa chini yake nusu siku, akatoka na jibu: gia boksi imekufa ubongo, na ubongo mwingine utachukua miezi minne kufika.

"Miezi minne gari langu linaota jua?" bosi akasema. "Hapana. Itoe, funga gia za mkono. Si lipo lile lililogongwa uso kule nyuma? Gia boksi yake nzima."

Nusu alikuwa anakagua upepo wa tairi. Alikaribia kulibusu. Gari la gia za mkono! Na dereva wake, miaka mitatu mguu wa kushoto uko likizo! Hesabu ilikuwa rahisi kuliko zote alizowahi kufanya: semi nyeupe ni yake.

Gari lake lilikuwa linasubiri mzigo, kwa hiyo siku sita nzima alijitolea kumsaidia fundi. Walishusha gia boksi ya zamani kwa jeki, taratibu, kama wanateremsha mgonjwa. Wakapandisha nyingine, wakafunga klachi mpya, wakatoboa ukuta wa mbele ili kupitisha pedeli, wakakata sakafu kutoa mkono wa gia. Nusu, ambaye mkewe alikuwa akimwomba afunge bawaba ya mlango tangu mwaka jana, alifika yadi kabla ya mlinzi kuamka.

Siku ya nne fundi akauliza, "Pedeli nipimie mguu wa nani?"

"Wangu."

"Bosi kasema?"

"Bosi ana mambo mengi. Tusimsumbue."

Nusu akapanda. Akataka kiti kisogezwe mbele matundu mawili. Pedeli ivutwe karibu. Mkono wa gia upindwe, hadi kiganja kikishuka kiukute penyewe, bila kuutafuta. Kisha akaegemea, akakanyaga klachi hadi chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mgongo wake ukagusa kiti. Akafumba macho.

"Unalia?" fundi akauliza.

"Vumbi."

Siku ya tano kila kitu kilikuwa mahali pake, lakini injini ikagoma kuwaka. Fundi akachomeka kompyuta, akasoma, akacheka kwa pua.

"Ubongo wa injini bado unaitafuta gia boksi ya zamani. Umeachwa, hautaki kukubali. Unauliza huyu mpya ni nani."

Nusu alicheka hadi akakaa chini. "Uambie uvumilie! Nafasi imeshikwa!"

"Ndiyo," fundi akasema, akimtazama kwa muda kidogo. "Wapo viumbe wa hivyo." Akaufuta usahau, na injini ikanguruma.

Jumamosi Nusu alikuja na shati lililopigwa pasi. Chupa yake ya chai na kitana vilikuwa vimeshahamia kwenye semi nyeupe tangu jana. Bosi akafika, akazunguka gari, akaridhika, akawaita Nusu na Shemeji.

"Gari lilikuwa la huyu binti. Apande mlima wa geti na tela lenye mzigo, asimame katikati, aondoke bila kurudi nyuma. Akiweza, linabaki lake. Akishindwa, Nusu, unahamia."

Nusu alikunja mikono kifuani, akajipanga kuwa mpole mwenzake akishindwa. Hata maneno alikuwa nayo: pole, shemeji, ni mazoea tu.

Shemeji akapanda na mto wake. Akaegemea, akajaribu pedeli. Kisha kioo kikashuka.

"Shemeji, nishikie." Mto wa maua ukamwangukia mikononi. "Hapa sihitaji. Fundi, ahsante, umenipima bila hata kuniita! Na hii chupa ya chai ya nani?"

Yadi ikacheka. Nusu hakusikia. Alikuwa anauangalia mguu ule ukitua kwenye pedeli, kiganja kile kikishuka na kuukuta mkono wa gia penyewe. Nyumbani kwake kioo cha kujitazamia, chake na cha mkewe, kilitundikwa kwenye msumari mmoja, na hakuna aliyewahi kuomba kisogezwe juu. Na mkewe na huyu ni ndugu wa tumbo moja, kimo kimoja! Siku sita amelishona koti, na limemkaa shemeji yake.

Semi ikapanda, ikasimama katikati ya mlima, breki zikatoa pumzi. Rudi nyuma, Nusu akaomba moyoni. Shibiri moja tu. Siombi ajali, shibiri tu.

Akaona bega la Shemeji likilegea. Hakuwa anausikiliza mguu. Gari likatetemeka kidogo, akangoja, likatetemeka tena, na hapo akaachia breki. Halikurudi hata unene wa njiti ya kiberiti. Likapanda, likapita geti, likashika barabara.

"Nani alimfundisha huyu?" bosi akauliza.

Fundi akamtazama Nusu.

"Mimi," Nusu akasema, kama mtu anayekiri wizi.

Akarudi kwenye gari lake kuukuu, akafunga mlango, akapandisha vioo. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akauweka mto nyuma ya mgongo, akaegemea, akakaa wima, akanyoosha mguu. Ukaifikia klachi. Akatukana, kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu. Miaka mitatu ya kuucheka!

Jumatatu, kutoka dirisha la juu: "Shikamoo, shemeji! Mto wangu uko wapi?"

"Marahaba. Panya wameula."

"Wote?"

"Wote. Hata maua."

Akawasha gari akaondoka haraka. Na waliokuwa getini asubuhi hiyo waliona kofia, kama kawaida, na chini ya kofia, kwa mara ya kwanza, macho mawili yaliyonuna.