Neno Moja Lililomkosesha Waridi Chuo

Saa mbili asubuhi, Twalibu anaifunua mashine yake ya kuandikia kibarazani, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Mama mmoja ameshakaa kwenye kigoda. Anataka barua ya Kiingereza kwa mwajiri wa kaka yake aliyeko Nairobi.

Akimaliza, Twalibu hafungi bahasha. Anamsomea mama yule barua nzima kwa Kiswahili, taratibu, mpaka aseme ndivyo alivyotaka.

Desturi hiyo hakuwa nayo miaka mitatu iliyopita, mwaka 1966. Mtaani wanaojua Kifaransa ni wengi, lakini Kiingereza alikuwa nacho yeye peke yake, alichojifunza Kigoma, na kilimpa heshima. Ndipo jirani yake Mwanvua alipomletea shauri la binti yake, Waridi. Chuo kimoja cha wakunga Kampala kilikuwa kimempa nafasi, kikauliza atafika lini. Mwanvua alitaka chuo kijibiwe kwamba atafika kabla masomo hayajaanza.

Twalibu alijua kuwa "before" ni kabla na "after" ni baada. Kilichomponza ni lile "hayajaanza". Kiswahili hukanusha kitenzi kinachofuata neno "kabla". Kiingereza hakikanushi baada ya "before". Yeye alikanusha, akaona sentensi imepinda, akafuta ukanushi. Yakabaki maneno "have started", ambayo yeye aliyasoma kuwa masomo yamekwisha kuanza. Ili maneno yapatane, akafuta na "before", akaweka "after".

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: kwa kuwa Waridi angechelewa, nafasi yake amepewa mwingine.

"Nilisoma, nikajua ni mi niliharibu," anasema. "Lakini Mwanvua alikuwa amesimama pale. Nikamwambia nafasi zimejaa."

Alikaa na uongo huo miaka miwili. Waridi akawa mshonaji, na kila siku Twalibu aliisikia cherehani yake ng'ambo ya ua. Mwaka jana uvumilivu ulimwishia, akavuka, akawaeleza wote wawili.

Mwanvua hajamsemesha tangu siku hiyo. Waridi, ambaye sasa ana miaka ishirini na mbili, aliomba tu apewe ile barua ya chuo.

"Hasira ninayo," anasema. "Lakini Kiingereza hapa anakijua yeye."

Jioni tatu kwa wiki huja na daftari, naye Twalibu humfundisha. Januari watapeleka ombi jipya.

"Mi sitagusa mashine," anasema Twalibu. "Aandike mwenyewe. Wakimukataa tena, isikuwe kwa mukono yangu."