Nani Ataufunga Mtaa

Dereva wa lori la mchanga waliyemwita Taratibu hakuwa mtu wa sherehe. Hachezi, haimbi, ukimpa soda anaishika mpaka inapata moto mkononi. Lakini kila mwaka, sikukuu ya wakati wa joto ilipofika na majirani wakatoa meza barabarani, bila yeye hapakuwa na kitu. Asubuhi aliliegesha lori lake kwa ubavu pale mtaa unapoanzia, hata pikipiki isipenye, na kutwa nzima barabara ikawa ya watoto. Miaka minane mfululizo. Siku hiyo, jamani, alitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Mwaka huu alikaa akisubiri kuitwa kwenye kikao cha maandalizi, na hakuitwa.

Tuseme ukweli bila kuzungukazunguka. Miezi tisa nyuma, akiliondoa lori nyumbani kwake kinyumenyume, Taratibu alimgonga mtoto wa msusi wa nyumba ya pili. Msichana wa miaka mitano, mmoja wa mapacha. Alikufa palepale. Polisi wakapima, mahakama ikasema ni ajali, leseni akarudishiwa, kazini akarudi. Basi ndiyo imekwisha? Wapi. Watu walimsalimia huku wanatazama ukuta. Na msusi waliendelea kumwita Mama Pacha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtafutia jina lingine.

Siku mbili kabla ya sikukuu alikuja fundi cherehani, ambaye ndiye mshika mambo ya maandalizi. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Kaka, tunaomba lori."

"Mbona mnaniomba? Nitalileta kama siku zote."

Fundi akajikuna shingo. "Tunaomba lori tu. Dereva wa teksi ndiye ataliendesha. Wewe siku hiyo pumzika ndani na shemeji. Unajua mwenyewe watu walivyo."

Taratibu akatoa funguo mfukoni akampa. Akaufunga mlango.

"Umewapa?" mkewe aliuliza. "Wangekuomba meno ungewang'olea."

"Nimeua mtoto wao, mke wangu. Nitakataa nini?"

Mkewe alirudi kukamua nguo, akazikamua kwa hasira mpaka kifungo kikakatika.

Asubuhi ya sikukuu walikaa ndani, mapazia yamefungwa, wakisikiliza meza zikiburutwa nje. Kisha wakasikia injini. Dereva wa teksi hakulijua lile lori hata chembe. Gia zililia, lori likaruka mbele likazima, likawaka tena, likarudi nyuma ghafla. Kule nje, watoto waliokuwa nyuma yake wakichora barabara kwa chaki walikurupuka huku na huku. Bwana mkubwa wa teksi hakuwa hata ametazama kioo.

Injini ikazimwa. Baada ya muda mfupi mlango ukagongwa, na Taratibu alipofungua alimkuta Mama Pacha, kitana kimechomekwa nyweleni, funguo za lori mkononi. Tangu msiba hakuwa amekanyaga pale.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Hilo usilitegemee leo, na hata kesho sijui."

"Ndiyo, dada."

"Lakini yule atatuulia mwingine. Mtaa huu wote, mtu ninayejua kwa hakika atatazama nyuma ni wewe peke yako."

Akamwekea funguo kiganjani, akatangulia.

Taratibu alitoka na kandambili miguuni. Alilizunguka lori mara mbili, akapiga magoti, akachungulia chini ya magurudumu. Akapanda. Akashuka, akachungulia tena. Majirani walisimama na viti mikononi, na hakuna aliyemharakisha.

Alipokaa tena kwenye usukani alimwona kwenye kioo Mama Pacha, amesimama pembeni kule nyuma, amemshika pacha aliyebaki, amemkaza mkono mpaka mtoto analalamika.

"Rudi," Mama Pacha aliita. "Rudi. Ngoja. Rudi."

Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Taratibu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, machozi yanamlowesha kidevu na shati. Hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.