Vibendera Vyangu Bondeni Goweko

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka! Mimi ni bwana shamba, na wiki iliyopita nilipeleka trekta kwa mara ya kwanza kwenye bonde la mpunga la Mama Milembe, huku Goweko. Nilikuwa na furaha kama bwana harusi! Asubuhi nilipima udongo kwa chuma changu, na kila nilipochoma, chuma kiligoma kuzama. Kila nilipopima nikachomeka kibendera chekundu, vyote kwenye kijia kimoja tu, kwa sababu kilikuwa kikavu na raba zangu zilikuwa mpya.

"Udongo huu unabeba hata treni!" nikawatangazia wanakijiji. Vigelegele! Trekta likaingia, likakata kona lianze kulima, likazama mpaka tumboni.

"Bwana shamba," akauliza Mama Milembe kwa upole, "ulipima wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye vibendera. Wakati huohuo ng'ombe wake wakatokea wakienda kunywa maji, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye njia yao ya kila siku iliyoshindiliwa kwa kwato, kibendera hadi kibendera, bila kuruka hata kimoja.

"Haya mwanangu," akasema, "basi kalime hapo."