Tumbo Jipya, Maji kwa Kijiko

Nilirudi kwetu Uvira wiki ya tatu baada ya kupasuliwa tumbo Nairobi, na kitenge nilichokifunga safarini kilikuwa kinanizunguka kiuno mara mbili. Sikuweza kukaa kimya. Tangu mpakani mpaka nyumbani, mtaa wa Songo, nilimwonyesha mume wangu kila kitu kana kwamba yeye ndiye mgeni: ziwa lile, milima ile, na mimi hapa nimekaa kwenye kiti cha gari na nafasi imebaki.

Kwa miaka mingi nilikuwa mama mnene wa soko la Mulongwe, muuza vitenge ambaye madereva wa pikipiki wakimwona anakuja wanajifanya wanatengeneza taa. Kuchekwa nilikuwa nimezoea. Kilichonitisha ni sukari iliyokuwa inapanda, magoti yaliyokataa ngazi, na pumzi. Katika kwaya ya kanisa letu nimeimba sauti ya pili tangu usichana, na mwaka uliopita nilianza kuimba nimeketi. Kaka yangu anayeishi Nairobi ndiye aliyenitafutia daktari. Daktari huyo alikata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo akaniachia kipande chembamba kama ndizi.

Daktari yule alinieleza mambo mengi, nami nikayaandika yote kwenye daftari, isipokuwa la maji. Alisema ninywe kidogo kidogo siku nzima, nisingoje kiu. Nilimwitikia kwa heshima tu. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa Tanganyika afundishwe kunywa maji?

Kule Nairobi wifi yangu ndiye aliyekuwa ananipimia maji, kwa hiyo sikuona ugumu. Hapa nyumbani nilijaza kikombe nikakipiga mafunda mawili kama nilivyozoea. Maji yalisimama chini ya kifua kama jiwe, kisha yakarudi na povu. Kesho yake jirani alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese, na harufu ile, ambayo zamani ingenipeleka kwake na sahani mkononi, ilinitoa mbio hadi nyuma ya nyumba. Kichefuchefu kikawa kinaamka pamoja nami asubuhi. Na kwa kuwa kila nilichomeza kilirudi, nikaogopa kumeza. Nikapunguza maji, halafu nikayapunguza tena.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alikuwa anayaona yote. Alipika supu ya samaki aina ya mikeke, akaichuja kwa kitambaa, akaniletea kwa mikono miwili. Nilimeza vijiko vitatu mfululizo kwa kumheshimu. Havikukaa. Yule mama aliketi kwenye kigoda akafuta macho kwa kitenge.

"Mwanangu, weye haukule, haukunywe," alisema. "Batu batasema minye ndiye nakunyima."

Siku ya tano mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na midomo imenipasuka. Lakini jioni ile kwaya ilikuwa na mazoezi, na baada ya wiki sita kwaya za mji zingekutana Kalundu. Nilitaka wanione. Nikavaa gauni lililopunguzwa na fundi, nikaenda, wakanishangilia mlangoni, nikajisikia kama bibi harusi. Katika wimbo wa pili ukuta ulianza kuzunguka. Nakumbuka mkono ukinishika kwapani, basi.

Mkono ule ulikuwa wa mwenzangu wa sauti ya pili, ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya. Alinipandisha pikipiki katikati yake na dereva, watu watatu kwenye kiti kimoja, na hata katika hali ile nilitambua kwamba dereva hakulalamika. Nilitaka kucheka ila sikuwa na mate.

Kituoni walinitundikia serumu, dripu ya maji. Muuguzi alimpigia daktari wangu simu, wakazungumza muda mrefu kwa Kiswahili na Kiingereza, nikaandikiwa dawa ya kuzuia kutapika, na akaambiwa kwamba nikizidi kutapika nirudishwe haraka. Kisha akavuta kiti.

"Kwa siku unakunywa mayi ngapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole, nusu ya kikombe.

"Na unakunywa namna gani?"

"Kama kila muntu."

"Weye hauko tena kila muntu," alisema. "Ile tumbo iko mupya, sawa ya mutoto mchanga. Mutoto mchanga unamupa kikombe?"

Akanifundisha. Kijiko kimoja, kisha ngoja. Kikitulia, kingine. Maji nisiyachanganye na chakula; nikila, nisubiri nusu saa ndipo ninywe. Nisitumie mrija kwa sababu unavuta hewa. Maji matupu yakinichefua, niweke kipande cha tangawizi kwenye maji ya uvuguvugu. Na nitazame mkojo kila siku, huo haudanganyi. Halafu akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama, acha sufuria kwanza. Kazi ya mayi ni yako."

Hakuna mtu aliyepokea kazi kwa moyo kama yeye. Hana saa, kwa hiyo alitumia redio. Wimbo ukibadilika, kijiko. Mtangazaji akikohoa, kijiko. Alihamisha jiko la makaa nyuma ya nyumba, akaenda kwa jirani akamwomba akaangie ndagala upande wa pili wa ua, na jirani akakubali. Mume wangu, fundi wa injini za mashua bandarini Kalundu, alikuwa anapiga simu kila saa kadhaa kama anayeuliza matokeo ya mpira.

"Mumefika wapi?"

"Robo ya chupa," mama yake anajibu, "na hajarudisha kitu."

Siku ya kwanza robo, siku ya tatu nusu. Siku niliyomaliza chupa nzima kabla ya jua kuzama nilimpigia kaka yangu nikimweleza kama mtu aliyejifungua salama. Aliuliza kama ni bia. Nilicheka hadi mshono ukaniuma.

Niliporudi kwaya, mwalimu wetu alikuwa amepanga jambo bila kuniambia. Kila baada ya wimbo aliinua mkono na kusema, "Bamama, tunakunywa," na wanawake wote wakatoa chupa mikobani. Hakuna aliyenitazama. Baada ya wiki mbili wale wa sauti ya kwanza walidai kwamba koo zao zimelainika, na utaratibu huo haukuondolewa tena.

Niliteleza mara moja. Kwenye harusi moja nilijiona nimepona, nikapiga funda la soda baridi. Gesi ilijaa kifuani nikadhani nakufa, na kesho yake nzima nilikuwa kitandani na beseni. Muuguzi hakunionea huruma. Nikarudi kwenye kijiko kwa siku mbili, nikanyooka.

Siku ya Kalundu tulikwenda kwa miguu, sare za buluu, chupa mkononi, na mimi nilikuwa katikati ya mstari, si mkiani. Karibu na bandari mitumbwi ilikuwa imeshusha samaki. Nilikisubiri kile kichefuchefu. Badala yake nilisikia njaa, njaa safi, ya kawaida, na nikamwambia muuguzi pembeni yangu. Alinibana mkono. Tuliimba nyimbo tatu. Niliziimba zote nimesimama, magoti yametulia, na mwisho wa wimbo wa tatu, ule mstari mrefu ambao kwa miaka miwili nilikuwa naukata katikati nikijifanya nameza mate, niliufikisha. Mume wangu alikuwa amekuja na ovaroli yake ya mafuta, anapiga makofi kabla ya wakati.

Mwezi uliofuata kipimo cha sukari kilikuwa kimeshuka, na daktari alinipunguzia vidonge. Mwalimu wa kwaya amenipa sehemu ya kuimba peke yangu sikukuu ijayo. Naifanyia mazoezi asubuhi na mapema, dirisha wazi, na juzi jirani aligonga. Nikadhani amekuja kulalamika. Alitaka kujua ubeti wa pili unaanzaje.