Pikapu Iliyolala Zizini

Ukifika Mikumi ukamuulizia fundi wa kutu, utaonyeshwa miguu. Perpetua mwenyewe yuko chini ya gari, na kinachoonekana kwa nje ni buti mbili zilizolowa oili chafu, na sauti ya kwaya inayopanda na kushuka huko chini kama vile yuko ibadani. Mimi nauza supu na chapati ubavuni mwa gereji yake, kwenye njia panda ya kwenda Kidodi. Zile buti nazifahamu kuliko ninavyoufahamu uso wake.

Ni mtoto wa Mamboya, kule milimani, kwao ni Waanglikana wa kuzaliwa, wasiokosa ibada hata inyeshe mvua ya namna gani. Kazi aliianzia Kidodi akiosha malori ya miwa. Maji ya miwa utamu wake ni mdomoni tu. Yakichanganyika na tope chini ya lori, chuma hakidumu. Perpetua akawa anawaona mafundi wenzake wanapaka rangi juu ya tope, lori linatoka linang'aa, na masika hayajaisha linarudi limeoza. Ikamuudhi, na huyu dada akiudhika hanyamazi. Aligombana na nusu ya gereji, akafunga virago vyake, akaja Mikumi kuanza ya kwake.

Hapa kwake gari linaoshwa chini kwanza, halafu linaachwa likauke juani. Kisha anapita na nyundo ndogo, anagonga kila mahali na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boga. Akimaliza kugonga anachukua brashi ya waya na msasa, anakwangua mpaka chuma kionekane cheupe, ndipo anapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake ile dawa nyeusi nzito. Ukimwambia afanye harakaharaka kwa kuwa una safari, atakurudishia ufunguo wako.

"Mimi sipaki rangi juu ya kidonda," atakwambia.

Tena ana sharti moja ambalo limemkimbizia wateja wengi: mwenye gari lazima alale chini aone mwenyewe. Uwe mchungaji, uwe mwenyekiti wa kijiji, utatandikiwa boksi. "Mficha uchi hazai, baba. Lala." Nimewaona watu wa suti wakilala hapo, tumbo limetazama mbinguni, huku wateja wangu wakipaliwa na supu kwa kucheka.

Kinachochelewesha kazi yake ni shikamoo. Akipita mzee, Perpetua anajivuta mpaka nje, anasimama, anafuta mikono, ndipo anasalimia. Anasema mtu mzima hasalimiwi na buti. Siku ya mnada wanapita wazee wengi, basi gari moja linaweza kushinda hapo kutwa nzima. Nilimshauri awasalimie hukohuko chini, Mungu anasikia. Alinitazama kama nimetukana.

Siku aliyokuja Mzee Nyanda alijivuta vilevile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Perpetua wa kutu?"

"Ndiye mimi."

Nyanda ni Msukuma wa Mvumi, mfugaji, mtu mkubwa kweli. Aliposhuka, pikapu yake ilipanda juu kama imeshusha gunia. Ilikuwa pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya zamani hakuna aliyeikumbuka tena. Alikuwa ameipa jina la ng'ombe, Madoa, na alipofunga mlango aliipigapiga ubavuni na kuiambia maneno mawili matatu ya Kisukuma. Nikajua leo kuna burudani.

Boksi likatandikwa. Mzee akalala bila ubishi, Perpetua akalala pembeni yake, nyundo ikaanza kazi. Ko, ko, ko. Halafu ikatoa sauti ya boga. Halafu boga tena. Halafu ikatoboa.

"Baba, gari hili linalala wapi?"

"Zizini."

"Zizini na ng'ombe?"

"Sasa lilale wapi? Si mali? Mali inalala zizini."

Upawa uliniponyoka mkononi. Mzee akaendelea kueleza, kwa fahari kabisa, kwamba Madoa ndiyo inayobeba mawe ya chumvi ya mifugo, na jioni ikiingia zizini ng'ombe wanaizunguka, wanaingiza vichwa chini yake na kuilamba mpaka wanachoka. Miaka yote hiyo.

"Nikasema hawa wananioshea gari," alisema.

Perpetua alicheka mpaka akajigonga kichwa, na ganda la kutu likawadondokea wote wawili usoni. "Baba yangu! Ng'ombe hawakuoshei. Wanafuata chumvi, na chumvi ndiyo inayokula chuma. Wakishashiba wanageuka, wanakojoa hapohapo, mkojo nao unamalizia kilichobaki." Mzee naye akacheka. Wasukuma wana kicheko kizuri, kinatoka tumboni.

Kicheko kiliisha walipotoka kule chini. Perpetua alimwambia ukweli. Chesisi, yaani ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imeliwa katikati, na sakafu chini ya kiti cha dereva ilikuwa imebaki jina tu. Akamshauri aipumzishe.

"Siwezi," alisema Nyanda. "Jumamosi ya wiki ijayo inampeleka Jackline kanisani."

Jackline ni binti yake. Walipohama kutoka Maswa kuja huku, familia nzima ilipakiwa kwenye pikapu hii pamoja na vyungu na kuku. Mkewe, Marciana, alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika njiani kabla hawajafika Gairo. Wanawake wawili waliokuwa wameomba lifti wakamzalisha hukohuko nyuma, katikati ya kuku. Mtoto huyo ndiye Jackline. Tangu siku ile Nyanda alijiwekea nadhiri: mtoto aliyekuja duniani kwa Madoa ataondoka nyumbani kwa baba yake kwa Madoa. Gari la kukodi, hata liwe na maua mpaka kwenye matairi, hataki.

"Ikishindikana, mwanangu, nitakuwa nimemwongopea mtoto," alisema.

Perpetua aliinama, akachungulia tena chini ya Madoa. Halafu akasema, "Utakwangua mwenyewe?"

"Nitakwangua."

Basi mzee akafikia kwa ndugu yake hapa Mikumi, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Tulimpa brashi ya waya, akavaa miwani ya fundi wa kuchomelea, akalala chini na kukwangua. Aliimba nyimbo za kuchungia ng'ombe, Perpetua akaimba tenzi zake, na nyimbo hizo hazikupatana hata kidogo. Madereva wa malori ya miwa walikuwa wanasimama kwangu kwa ajili ya kelele hizo tu, nami nikauza supu vizuri. Fundi wa kuchomelea alitia vyuma palipoliwa, Perpetua akapaka rangi nyekundu, akasubiri ikauke, akapaka na ile nyeusi. Alipomaliza, chini ya Madoa kulipendeza kuliko juu.

Nyanda alishika usukani kwa macho kabla ya mikono. Perpetua akamzuia.

"Baba, nisikilize. Gari litambeba bibi harusi, ukoo halitabeba. Nyuma wakae yeye na mama yake tu. Na usiendeshe wewe."

"Niendeshwe kwenye gari langu?"

"Pale chini ya kiti tumeweka bati, lakini bati limeshikwa na chuma kilichochoka. Akikaa mtu mwepesi, mwendo wa polepole, atafika. Wewe utaenda na sakafu."

Sijawahi kumwona mtu mkubwa akipungua namna ile. Alikaa kwenye benchi langu, nikamwekea supu, akaitazama mpaka ikaganda mafuta. Alikuwa amemwahidi Jackline kwamba baba yake ndiye atakayekuwa usukanini. Niliumia kwa ajili yake, nikamkasirikia Perpetua kidogo. Kwani angemwongopea mzee wa watu kidogo tu angepungukiwa nini? Lakini ndiyo tabia yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ufa akiuona hawezi kuufunika kwa kalenda.

"Nani ataendesha, sasa?" mzee aliuliza mwishowe.

"Mimi," alisema Perpetua. "Mimi ni kama kuku wa kienyeji, sina uzito."

Hivyo ndivyo sote wawili tulivyoalikwa harusini Mvumi. Perpetua alitangulia na Madoa, polepole, kupitia Kilosa. Mimi na mzee tulipanda basi, na njia nzima alikuwa dirishani, anachungulia kama mtu aliyemtuma mtoto dukani kwa mara ya kwanza.

Siku ya harusi mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kanisani imekuwa uji. Jackline alitoka ndani amevaa gauni jeupe, mzuri mpaka nikalia, nami si ndugu yake. Akapandishwa nyuma kwenye kiti kilichofungwa vitambaa, Marciana akapanda pembeni yake. Hapo ndipo vita ilipoanza, maana kwao bibi harusi hasindikizwi na mtu mmoja. Mashangazi walikwisha kukunja magauni, mguu mmoja uko kwenye tairi, na mbele yao alikuwa Devotha, dada mkubwa wa Nyanda.

"Dada, naomba shuka," alisema Nyanda.

"Nishuke niende wapi? Shangazi anatembea kwa miguu kama aliyekuja kuomba chumvi?"

"Gari halitaweza."

"Gari hili lilituhamisha kutoka Maswa!"

Nilimtazama mzee. Angeweza kusema fundi amekataa, lawama zikamwangukia Perpetua. Hakusema hivyo. Alichukua turubai, akalitandika kwenye tope.

"Niliilaza zizini, dada, ikaoza. Kosa ni langu. Lala uone."

Devotha akalala, na kitenge chake kipya na kilemba chake. Alikaa huko chini kwa muda, halafu tukasikia sauti: "Yesu wangu! Kumbe tulitaka kumuua mtoto!" Alipotoka alijifuta tope, akawageukia wenzake. "Kuna nyeusi inang'aa kama chungu kipya, lakini viraka ni vingi kuliko gari. Tunatembea!" Na akapiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo.

Tukatembea. Ukoo mzima kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini, ngoma mbele na vigelegele nyuma. Sijawahi kufurahi hivyo kwenye harusi ya mtu. Perpetua alikuwa usukanini na gauni lake la kwaya, shingo ameinyoosha ili aone njia. Nyanda, katika suti yake, alitembea mbele ya gari kama anavyotembea mbele ya ng'ombe wa kulimia, akichagua ardhi ngumu na kuonyesha kwa mkono: kushoto, mwanangu, kushoto, taratibu hapo. Hakuna tairi lililotumbukia.

Mbele ya kanisa Madoa ikasimama. Watu wakajazana nyuma kumshusha bibi harusi, na kaka zake wakanyoosha mikono. Marciana akawazuia wote.

"Baba Jackline yuko wapi?" akaita. "Njoo huku. Siku ile anazaliwa ulikuwa umeshika usukani, hukuona kitu. Walimpokea wageni. Leo mpokee wewe."

Nyanda akaja na matope yake. Alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akanyoosha mikono yote miwili, na binti yake akamwangukia kifuani na gauni lake lote jeupe. Mzee alilia kwa sauti, mbele ya wakwe, bila aibu yoyote, akisema asante kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja," na hatukujua anamshukuru nani kati yetu.