Poda ya Ndevu na Harusi ya Neema

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya Machi pale Husby, pembeni mwa Stockholm, ambapo nyumba nzima ilinuka yai bovu, na chanzo cha harufu ile kilikuwa uso wangu.

Usicheke bado. Ngoja kwanza nikuambie nilikuwa nani. Miaka ile, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka Uvira kupitia Kigoma, Kampala na Nairobi, na kila mji niliupita kabla haujanizoea. Nilizaliwa nikaitwa mvulana. Mimi nilijijua ni mwanamke tangu mdogo, kama mtu anavyojua mkono upi unashika kijiko, lakini jambo hilo nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani, mdogo wangu Neema. Kitu kimoja kilikuwa chepesi: wazazi walinipa jina la Bahati, ambalo huvaliwa na wanaume na wanawake, kwa hiyo sikuhitaji kutafuta jingine.

Leo nina miaka arobaini na kitu. Kwa watu wengine huo si uzee. Kwa sisi, ambao wengi wetu hatukuwa na wa kututangulia, mtu akifika hapo anaitwa bibi, nami nimeupokea ubibi huo bila ubishi.

Basi. Neema alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile, kanisani Södertälje. Alinipigia simu akaniambia kwamba amenunua kitenge cha ukoo, wanaume washonewe mashati na wanawake magauni, na kwamba kipande changu amekipeleka kwa fundi kishonwe gauni. Akasema, "Nataka dada yangu akae na dada zangu." Wote wawili tulijua kwamba baba mdogo anakuja kutoka Oslo, na kwamba atakayeongoza kwaya siku hiyo ni Mama Zawadi.

Mama Zawadi ndiye aliyenipa chumba cha nyuma. Mjane wa Uvira kama sisi, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, siku za kazi akiwatunza wazee wa Kiswidi majumbani mwao, Jumapili akiimbisha watu. Mbele yake nilikuwa kijana mpole anayeosha vyombo bila kuambiwa. Nilimwogopa kuliko polisi yeyote wa mpakani.

Na kulikuwa na ndevu. Ndevu za wengi wetu watu weusi zina mkunjo. Ukizikata karibu sana, ncha inageuka na kuingia ndani ya ngozi kama mwiba, inafanya kipele, na kipele kinaacha doa. Mimi nilinyoa asubuhi na jioni, nikiivuta ngozi, nikipitisha wembe kinyume na zinavyoota, mpaka shingo yangu ikawa kama ganda la fenesi. Na bado, hata nikipaka poda ya urembo juu, kivuli cha kijivu kilibaki palepale. Nilikuwa nakiona hata kwenye kioo cha dirisha la treni. Nilijiambia kwamba sitakaa upande wa dada zangu na kivuli kile, mbele ya baba mdogo na mbele ya mwanamke yule wa kwaya.

Duka moja la vyakula vya kwetu liliuza kopo la poda ya kuondolea ndevu, ile wanayotumia wanaume wenye vipele. Unaikoroga na maji, unapaka, unangoja kidogo, unakwangua kwa mwiko mdogo, ndevu zinatoka kama uji. Si kitu kibaya. Nimeona ikiwasaidia watu. Kopo lilisema ujaribu kwanza sehemu ndogo, usiiache muda mrefu, na usirudie mpaka siku zipite. Niliyasoma maneno hayo vizuri kabisa, nikaona kwamba ni ya watu wenye nafasi. Mimi nilikuwa na Alhamisi tu.

Nikapaka, nikakwangua, nikajitazama. Kivuli kipo. Sikujua wakati ule kwamba kivuli hicho hakikai juu ya ngozi, kinakaa chini yake, kwenye shina la unywele, na hakuna poda inayokifikia. Nikapaka mara ya pili, nene kama plasta ya ukuta, nikakaa juu ya choo kungoja. Ikaanza kuwasha, nikasema inafanya kazi. Ikaanza kuuma, nikasema urembo ni uvumilivu. Nilipoifuta na kuona uso umekuwa mwekundu, nikachukua mkorogo wangu wa kung'arisha ngozi nikaupaka juu yake, ili wekundu usionekane. Sikio la kufa, wazee walisema, halisikii dawa. Sijui kama nilipiga kelele. Najua kwamba mlango uligongwa.

"Bahati, unapika nini mule?"

Nikajibu sipiki, naoga.

"Unaoga na mayai? Harufu hii mimi naijua. Fungua mulango, mutoto, nisivunje nyumba ya watu."

Fikiria nilivyokuwa. Nimejifunga kanga kifuani. Miguu nimeinyoa. Wigi linakauka juu ya bomba la kupashia nyumba joto, na gauni la kitenge, limefika kutoka kwa fundi asubuhi ileile, linaning'inia nyuma ya mlango anaotaka nifungue. Lakini macho yalikuwa yanatoka maji, sioni bomba la maji liko wapi. Nikafungua.

Akatazama wigi. Akatazama miguu. Akausukuma mlango akaliona gauni. Nikangoja aniambie nifungashe. Badala yake alinikamata kisogoni kama mtu anavyokamata mbuzi, akaniinamisha juu ya beseni la kuogea, akafungulia maji ya baridi. Akayaacha yatiririke, na kila nilipotaka kuinuka akanirudisha. Na muda wote huo alikuwa ananigombeza.

Hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao mpaka leo haujanitoka. Hakusema neno juu ya gauni. Alinigombeza kwa ajili ya poda. Marehemu mume wake, alisema, alijiunguza kwa poda hiyohiyo siku mbili kabla ya arusi yao, akataka kuwa laini kama yai, na picha zote za arusi ziko pale sebuleni, nikazitazame: kila picha bwana arusi ameshika kidevu, kama mutu anafikiri mambo ya serikali.

Nilizijua picha zile. Nilikuwa nimezifuta vumbi mara nyingi, nikidhani marehemu alikuwa msomi.

Kutoka chini ya maji nikamwomba msamaha, nikamwambia nitahama. Akasema nisihame na uso ule, watu watadhani ni yeye amenichoma. Na kwa kuwa mshtuko humwondolea mtu aibu, nikamuuliza kama hashangai.

Akafunga maji, akakaa juu ya choo, akajifuta mikono kwa sketi yake.

"Nishangae nini? Tangu Noeli ninatoa nywele za miguu kwenye tundu langu la maji. Na nywele ndefu za wigi. Nikasema basi, Bahati anaingiza musichana kwa siri. Nikangoja nione viatu vyake mulangoni. Viatu ni vyako tu. Nikahesabu mimi mwenyewe, nikajua musichana ni nani."

Miezi yote ile nilikuwa nikitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba ambayo kila kitu kinajulikana. Mficha uchi hazai, na mimi sikuwa hata naficha vizuri.

Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mimi nilipokuwa musichana shangazi aliniketisha. Akanionyesha kunyoa, akanionyesha mafuta, akanionyesha kukaa na mwili wangu. Weye, nani alikuketisha?"

Nikasema hakuna.

"Ndiyo maana unasugua uso kama sufuria imeungua. Uso si sufuria, mutoto wangu."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulikuwa umenifunza kwa poda na mkorogo. Nililia pale sakafuni, na machozi nayo yaliuma.

Kesho yake alinipeleka kituo cha afya. Nikataka kumdanganya muuguzi kwamba ni mafuta ya kukaangia. Mama Zawadi akatoa kopo mkobani akaliweka mezani. Nikapewa dawa ya kupaka na masharti: hakuna wembe, hakuna poda, hakuna manukato, hakuna mkorogo, mpaka ngozi ijifunge. Nikauliza kama itajifunga kesho. Muuguzi akanitazama kwa huruma tu.

Tukapanda treni kurudi, na ndani ya treni Mama Zawadi akasema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumzia hali ya hewa, "Basi kesho utakuwa na ndevu."

Nikamwambia sitaenda. Au nitaenda na suti, nikae na wanaume, yaishe. Niliona maisha yangu yote yamerudi nyuma. Kumbuka, mwanangu, hilo ndilo nililochoma uso wangu kulikimbia: kuonekana na gauni na ndevu pamoja, mchana, mbele ya ukoo.

Akasema kitenge kimekwisha kukatwa, na kitenge kilichokatwa hakirudi dukani. "Utakuja. Na ndevu zako."

Nikaenda. Mashavu yalikuwa na mabaka, mahali pekundu, mahali pana gamba, na katikati yake ndevu zinachomoza, na juu ya yote mafuta ya mgando yanang'aa. Gauni lilinikaa vizuri, hilo nikiri. Kilemba alinifunga yeye. Njia nzima hadi Södertälje watu walinitazama kisha wakatazama dirisha. Kanisani akaniketisha safu ya pili ya wanawake, na ulipofika wakati wa yeye kwenda mbele kwa kwaya, akauweka mkoba wake mapajani mwangu. "Nishikie," akasema, kwa sauti ile ya kuamsha jengo. Mkoba mkubwa mweusi ambao Wakongomani wote wa Stockholm waliujua. Nikaelewa kwamba nisingeweza kuondoka, na kwamba hakuna ambaye angeweza kuniondoa.

Kabla Mama Zawadi hajaondoka, baba mdogo alikuja akasimama mwisho wa safu. Akalitazama gauni. Akazitazama ndevu. Hakuniuliza mimi, alimuuliza Mama Zawadi, kwa Kifaransa, huyu ni nani. Yeye alijibu kwa Kiswahili ili safu nzima isikie. "Ni dada wa bibi arusi. Ameungua uso, usimuchokoze."

Sitakudanganya kwamba alilainika. Alinitazama kwa muda mrefu, akaenda zake upande wa wanaume, na mpaka leo hajanisalimu. Lakini Neema alipoingia alisimama penye safu yetu, maandamano yote yakasimama nyuma yake yakigongana, akainama akanibusu kwenye paji la uso, mahali pekee palipokuwa pazima. Kwaya ikaanza. Na mimi nikashtuka kwa mara ya mwisho wiki ile: jambo nililokuwa naliogopa kuliko kifo limekwisha kutokea, jua linaingia dirishani, nami niko hai, nimeshika mkoba.

Sheria mpya ya nyumba ilikuwa moja tu, kwamba tundu la maji nisafishe mwenyewe.

Nimetangatanga sana tangu siku hizo, Jordbro, Malmö, Oslo, Brussels, na madoa mawili chini ya taya nimezunguka nayo kote. Mama Zawadi ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo niketi mimi mahali pake, nawe ukae hapa, uwe umechagua kuwa mwanamke siku zote au uwe wa kuvaa gauni Jumamosi na kurudi kwenye suruali Jumatatu. Ngozi haiulizi.

Nyoa kwa maji ya uvuguvugu, ndevu zilainike kwanza, kwa wembe mkali, ukifuata zinavyoota, bila kuivuta ngozi. Siku usiyokuwa na haja ya kunyoa, ipumzishe. Poda au krimu yoyote ya kuondolea nywele ijaribu kidogo mkononi, ungoje kesho, na kopo likisema toa, toa. Usiirudie kwa hasira. Mkorogo utupe, wote, hata ule uliosifiwa na mama yako. Kivuli kile kitaondoka kwa mashine ya mwanga au sindano ya umeme, na kabla hawajakugusa uliza kama mashine yao inafaa ngozi nyeusi, wajaribu mahali padogo kwanza. Mimi niliyangoja hayo miaka, na yalipofika yalifanya kazi polepole. Katikati ya zamu za mashine usizing'oe nywele wala kuzivuta kwa nta, maana mashine inatafuta shina, nyoa tu. Nywele nyeupe haizioni, hizo ni za sindano. Jua la kiangazi hapa linachoma hata sisi, jipake kinga. Jumamosi usiku osha poda ya urembo kabla ya kulala, hata kama miguu inauma. Na ukiungua, maji mengi, kisha kituo cha afya, na useme ukweli ulipaka nini.

Lakini juu ya yote, tafuta mtu akuketishe. Haraka niliyokuwa nayo haikuwa ya arusi, ilikuwa ya upweke.

Mungu akupe kioo unachokitazama bila kugombana nacho. Akupe ngozi yenye subira na wewe, na wewe nayo. Na siku utakayolazimika kuingia na uso wako kama ulivyo, akupe mtu wa kukuwekea mkoba wake mapajani.