Bata Niliyewekewa

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi, nikiwa nampeleka binti yangu shule. Tulikuwa tunapita kando ya ziwa, huku ughaibuni, Thamesmead. Mama alikuwa amelazwa Morogoro, na alikuwa ananiulizia.

"Dada, unakuja lini?"

Nikamweleza kwa mara ya tatu: pasipoti yangu iko kwa watu wa uhamiaji, pamoja na maombi ya kibali cha kuishi huku. Nikiidai ili nisafiri, maombi yanafutika, na hatuna tena pa kurudi.

"Haya bwana. Wewe endelea kula bata."

Simu ilikuwa kwenye spika. Binti yangu akawatazama bata majini, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama huwa nawala wale.

Nilimfafanulia taratibu, kama ninavyomfafanulia kila neno, maana Kiswahili anakielewa vizuri, kukisema ndiko bado, na atafika tu. Kula bata, mwanangu, ni kustarehe, kuishi raha bila jasho. Kwa nini bata, si kuku? Walioanzisha neno hawakuacha maelezo. Nina dhana yangu tu, ya jikoni kwa mama. Kuku unamnyonyoa mgeni hajamaliza maji ya kunywa. Bata manyoya yake yameshikamana. Utamchovya maji ya moto, utanyonyoa, utarudia vile vimanyoya vidogo mpaka vidole viume. Anayekula bata ana siku nzima mkononi, na ana mtu wa kumnyonyolea.

Akauliza mimi nani ananinyonyolea.

"Hakuna," nikasema. Siku ile kazini nilikuwa na wazee sita wa kuwaogesha.

Mama alifuga bata uani. Kila tulipoongea alinikumbusha: "Kuna mmoja sijamgusa. Wako huyo, siku ukija."

Pasipoti ilirudi wiki tatu baada ya mazishi ya mama, na kibali ndani. Nikaenda hivyo hivyo. Uani nilikuta beseni la bata limekauka. Nikamuuliza mdogo wangu, yule bata wangu yuko wapi.

Akainama. "Tulimchinja kwenye matanga, dada. Watu walikuwa wengi."

"Alikuwa mtamu?"

Alidhani namsimanga. Nilikuwa nauliza kweli. Ladha ya bata nimeisahau.